Dirisha la Chumba cha Kufulia

Sura ya Saba

Saa mbili asubuhi mke wa Fundi Rula alikuwa ameshakaa kwenye benchi la kituo cha polisi, tumbo la miezi minane limemtangulia, mapajani ana mfuko wa nguo safi ambao askari wa zamu alikuwa ameukataa mara mbili. Inspekta alipoingia, yule mwanamke alijivuta akasimama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa, usisimame."

"Nimekaa tangu kumepambazuka. Wananiambia leo saa kumi anapelekwa mahakamani, na kutoka huko ni gereza moja kwa moja. Ni kweli?"

"Gari linaondoka saa kumi. Ndiyo."

"Na mimi nitajifungua na nani? Sina mama, sina dada. Nina huyo huyo mmoja mliyemfungia."

Inspekta aliuchukua mfuko, akaupitisha kaunta kwa mkono wake, akaingia ndani.

Kesi yenyewe ilikuwa fupi, na ndiyo maana kila mtu alitaka iishe. Jumapili asubuhi Bibi wa nyumba namba kumi, ghorofa ya pili, alisukuma dirisha la chumba chake ili apate hewa. Kile kipande kinachofunguka kiling'oka chote, chuma na kioo, naye akaenda nacho. Alianguka juu ya bati la kibanda cha taka kabla ya kufika chini, na bati hilo ndilo lililomnusuru. Leo Jumatano alikuwa bado hajafumbua macho.

Fundi Rula ndiye aliyepewa kazi ya kukagua madirisha yote arobaini na nane ya jengo lile la zamani. Wenye nyumba walikuwa wamekubaliana kuyabadilisha kwa awamu mbili: mabovu kabla ya mvua, mengine mwakani. Fundi alipita mlango kwa mlango siku tano, akipima na kuandika kwenye daftari lake, na Jumatatu kamati ya wenye nyumba ilikuwa ipite kuhakiki. Mbele ya dirisha la Bibi aliandika neno moja tu: *zima*. Na bawaba ya juu ya kipande kilichoanguka ilikuwa imeliwa na kutu hata ukiigusa inamomonyoka kama biskuti.

Basi ikawa fundi mzembe. Na Bibi akifa, itakuwa kesi ya kuua.

Fundi Rula aliletwa kutoka mahabusu. Alikuwa mrefu, mwembamba, mnyoofu kama jina lake la utani, lakini siku nne za sakafu zilikuwa zimeanza kumpinda.

"Inspekta, nimeshasema. Dirisha la Bibi nililiacha zima."

"Hilo lililoanguka limeoza."

"Sijaliona. Mlinikamatia karakana. Mnaniambia limeoza, nami siwezi kubisha kitu nisichokiona. Lakini kila dirisha nalifungua, nalikandamiza kwa uzito wangu wote. Likitikisika, naandika bovu. Lile halikutikisika."

"Labda ulichoka. Madirisha arobaini na nane si mchezo."

"Kuchoka, nachoka. Kuandika uongo siandiki. Kila mlango nilioingia ni 'fundi, nikumbuke, fundi, niandikie bovu niwe wa kwanza.' Ningewasikiliza, daftari lote lingekuwa bovu." Alifuta uso kwa kiganja. "Mke wangu amekula?"

"Nguo zako ziko kaunta," alisema Inspekta. "Daftari lako naondoka nalo."

*

Kwanza alipita hospitali, kama alivyofanya kila asubuhi, kuona kama Bibi ameamka. Hakuwa ameamka. Alilala ubavu, mdogo kama mto uliosahauliwa kitandani, na binti yake alikuwa anamchua kifua. Wodi nzima ilinuka dawa ile ya kuchua, yenye kafuri, inayofungua pua hata ya mtu mzima.

Binti alikuwa mama wa miaka arobaini na kitu, mwenye mikono minene ya mtu anayebeba. Miaka mitatu alikuwa akimbeba mama yake kitandani hadi bafuni na kurudi. Alivaa gauni la juzi na kandambili za bluu. Mkanda wa moja ulikuwa umekatika, ukafungwa kwa waya wa shaba.

"Umekumbuka kitu kingine?" Inspekta aliuliza.

"Ni yale yale. Nilikuwa jikoni nachemsha maji. Nikasikia kishindo."

"Majirani wote wanamlaani fundi. Wewe sijakusikia."

"Mimi simlaani mtu. Mungu ndiye anayejua."

"Leo anapelekwa gerezani. Saa kumi."

Mkono wa Binti ulisimama juu ya kifua cha mama yake.

"Saa kumi," alisema, "mama anageuzwa. Wamesema kila baada ya saa mbili, bila kukosa, la sivyo mgongo utatoka vidonda." Akaendelea kuchua.

*

Mwenyekiti wa jengo alikuwa mstaafu wa posta ambaye hata nyumbani kwake alivaa tai. Alimfuata Inspekta ngazi kwa ngazi.

"Unapoteza muda wako, Inspekta. Mimi nilisema mapema, tuchukue alumini. Shemeji yangu ana karakana, wafanyakazi wake wanavaa kofia ngumu. Wakasema hapana, Mwenyekiti anavuta upande wake, tumpe Rula. Haya! Rula huyo, wamle."

"Shemeji yako amewahi kuja kuliona jengo?"

"Jumamosi alikuja. Kwa chai tu."

"Chai aliinywea ghorofa ya ngapi?"

Mwenyekiti alicheka peke yake, kisha akaacha.

Inspekta alianza na dirisha la kwanza la chini. Alilisoma kwenye daftari, akalifungua, akalikandamiza kwa uzito wake kama alivyosema fundi, akaweka alama. Kisha la pili. Kwa mama mwenye mapacha daftari lilisema *bovu, kutu chini*, na kweli chini kulikuwa na kutu. Kwa mzee mshona viatu liliandikwa *zima, lina kelele tu*, na kweli lilipiga kelele kama paka aliyekanyagwa, lakini likashika. Mshona viatu alimwambia, "Hilo ndilo kengele yangu, usije ukalitia mafuta." Watu walitoka milangoni kumtazama yule mama wa polisi anayesukuma madirisha. Saa tano ikapita, saa sita, saa saba. Kila neno la Fundi Rula lilikuwa kweli.

Fremu tupu ya chumba cha Bibi ilizibwa kwa nailoni. Kitanda kilikuwa chini yake kabisa, na hakikuwa na pengine pa kukaa: kabati upande huu, mlango upande ule. Ukuta juu ya mto ulikuwa na michirizi ya maji ya misimu mingi.

Dirisha la mwisho lilikuwa la chumba cha kufulia, ghorofa ya tatu. Chumba kilifungwa. Mwenyekiti akaleta ufunguo. Daftari lilisema: *Bovu kuliko yote. Bawaba ya juu imekufa. Nimelifunga kwa waya wa shaba. Lisiguswe.*

Inspekta alilitazama muda mrefu. Hapakuwa na waya. Alilisukuma kwa kidole kimoja, likafunguka taratibu bila kelele. Akalikandamiza kwa mikono miwili, akaegemea juu yake kwa uzito wote. Halikutikisika.

"Unaona?" alisema Mwenyekiti. "Zima aliita bovu. Bovu akaita zima. Mlevi huyo!"

"Arobaini na sita amepatia."

"Na mawili amekosea!"

"Mawili," alisema Inspekta, "na kila moja lina ugonjwa wa mwenzake."

Aliinama kwenye bawaba. Zilikuwa za kunyanyua: kipande kinakaa juu ya pini mbili, na mwenye nguvu akikiinua kinatoka chote. Pini zilikuwa na mafuta mabichi. Alizipangusa kwa leso, akaikunja, akaitia mkobani. Kisha akampigia simu Koplo kituoni.

"Koplo, mlete Fundi karibu na simu. Muulize, vipande vyote vya jengo hili ni kipimo kimoja, kiwanda kimoja. Akivitoa vyote akaviweka chini, anakijuaje kila kimoja ni cha wapi?"

Zikasikika sauti za mbali, kisha Koplo akarudi.

"Anasema nukta."

"Nukta gani?"

"Anasema chaki akina mama wanaifuta, na rangi wanaipaka rangi nyingine. Kwa hiyo anagonga kwa msumari, chini ukingoni, pale ambapo hata kitambaa hakifiki. Ghorofa kwanza, halafu nafasi, halafu namba ya dirisha. Anagonga kwenye fremu, anagonga na kwenye kipande chake."

"Kwa nini hakusema siku zote hizi?"

"Anasema hakuna aliyemuuliza. Na angejuaje kama kilichoanguka si cha pale?"

Inspekta alipitisha kidole chini ya fremu ya chumba cha kufulia. Nukta tatu, nafasi, nukta mbili. Akapitisha chini ya kipande kilichoning'inia humo. Nukta mbili, nafasi, nukta tano. Ghorofa ya pili, dirisha la tano: dirisha la Bibi.

"Nenda stoo ya vielelezo. Kigeuze kile kipande kilichoanguka, unisomee."

Koplo alikawia. Alipozungumza tena alikuwa anahema. "Tatu. Halafu... mbili. Ngoja nihesabu tena. Tatu, mbili."

"Nipe Mkuu."

Mkuu wa kituo alisikiliza hadi mwisho, kisha akashusha pumzi kwenye simu. "Nukta, Inspekta? Nimpelekee hakimu nukta? Atasema fundi mwenyewe aligonga ovyo. Mimi nataka mtu aliyevibadilisha. Gari linaondoka saa kumi."

Ilikuwa saa nane na nusu.

*

"Ufunguo huu unakaa wapi?"

"Kwangu, kwenye msumari nyuma ya mlango," alisema Mwenyekiti. Walikuwa wamesimama kizingitini kwake.

"Jumamosi nani aliuchukua?"

Mwenyekiti aliilegeza tai. "Watu wengi wanauchukua."

"Shemeji yako?"

"Alitaka kuona paa, basi! Ni kosa mtu kuona paa?"

"Mtu anayetaka fundi mwenzake aonekane hafai, anaingia chumba chenye dirisha bovu, na kesho yake dirisha hilo linaanguka na bibi wa watu. Mpigie simu aje. Sasa hivi."

"Hapana!" Mke wa Mwenyekiti alitokea jikoni na kijiko cha mbao mkononi. "Kaka yangu mwacheni. Yeye anasema sana, lakini hana ubaya. Ufunguo aliurudisha saa nne asubuhi ile ile, akavaa kiatu chake mbele yangu, akaenda zake."

"Kiatu?"

"Hujaambiwa? Funguo zilipotea mara tatu humu. Tangu hapo mtu akichukua ufunguo anaacha kiatu kimoja hapa mlangoni. Hawezi kwenda mbali na kiatu kimoja, atarudi tu. Hata mume wangu anaacha, siku moja alikwenda mkutanoni na soksi."

"Hilo halihusiani na uchunguzi," alisema Mwenyekiti.

"Baada ya kaka yako," Inspekta alimgeukia mwanamke, "nani mwingine?"

"Jioni. Watu walikuwa kwenye mpira, jengo zima kimya. Nilitoka nikakuta kandambili moja hapa, ya bluu, mkanda umekatika. Nikajisemea, huyu naye, anaweka rehani kitu kilichokwisha kufa."

Inspekta alikuwa ameacha kuandika.

"Ulimwona aliporudi?"

"Nilimkuta amechuchumaa hapo hapo ulipo, anaifunga kwa waya aliokuwa nao mfukoni. Nikamwambia mwenzangu, si ununue nyingine? Akacheka kidogo. Binti wa Bibi, maskini. Alisema alikwenda kufua mashuka ya mama yake." Kijiko kilishuka taratibu. "Lakini sasa ninavyokumbuka, hakuwa na ndoo."

*

Saa ya ukutani wodini ilikuwa tisa na dakika ishirini na tano. Binti alikuwa anakunja mataulo. Inspekta alivuta kiti, akakaa karibu naye, si mbele yake.

"Nipe hiyo kandambili niione."

Binti alitazama mguu wake kama si wake. Akaivua, akampa. Inspekta aliugusa waya wa shaba. Kisha akatoa leso mkobani, akaikunjua juu ya godoro, na harufu ya kafuri ikapanda kati yao, ile ile iliyokuwa kifuani mwa Bibi.

"Hii nimeipangusa kwenye bawaba za chumba cha kufulia."

Binti alikaa ukingoni mwa kitanda, mikono yake minene ikalala mapajani kama vitu vilivyotuliwa chini.

"Zilikuwa zimekaza," alisema. "Sikuwa na mafuta mengine."

"Nieleze."

"Nilimwomba yule fundi. Nilimpigia magoti, dada yangu, mimi na umri huu. Nikamwambia, mvua ikija inaingia pembeni, kitanda chote kinalowa, na umekiona chumba, hakuna pa kukisogeza. Daktari ameshasema kifua hiki hakitavuka mvua nyingine namna hii. Akanijibu kwa upole kabisa: chuma ni kizima, dada, siwezi kukisingizia. Wewe ni mwakani." Akamtazama mama yake. "Mwakani! Mama yangu ana mwakani ngapi?"

"Na Jumatatu kamati ilikuwa inapita kuhakiki."

"Ndiyo. Kamati yenyewe iwe shahidi. Nikasema siku mbili tu, waje walikute bovu, wamwambie fundi amekosea, wamwandike mama awe wa kwanza. Nilishusha lile bovu, nikapandisha zima. Nililifunga kwa kanga, mafundo matatu. Nikamwambia mama, dirisha usiliguse. Akasema amesikia."

"Mafundo yalifunguliwa na nani?"

"Na yeye. Asubuhi pumzi zilimbana, akataka hewa. Aliona huruma kuniita, mimi nilikuwa jikoni, na yeye hapendi kunisumbua." Akashika taulo. "Fundo lile hakuna mwingine anayelijua kulifungua. Yeye ndiye aliyenifundisha kulifunga."

Mgonjwa wa kitanda cha pili aliwatazama, kisha akageukia ukuta.

"Siku nne mtu amelala sakafuni," alisema Inspekta. "Ulinyamaza."

"Nikisema mnanichukua. Hapa wauguzi ni wawili, wagonjwa thelathini na mmoja, nimewahesabu. Nani atamgeuza? Kila jioni nilisema kesho nitasema. Nasali, nasema kesho."

"Fundi ana mke. Mwezi wa nane."

"Najua. Nilimkuta kituoni nilipokuja kuandikisha maelezo." Binti alifunika uso kwa taulo, na maneno yakatokea chini yake. "Alinipisha benchi. Na tumbo lile, akasimama, akasema kaa, dada, wewe umefiwa nusu."

Inspekta alitoka ukumbini akapiga simu.

"Mkuu, mshushe fundi."

"Ndiyo kwanza anapandishwa. Umempata mtu?"

"Nimempata. Amekiri, na nina vielelezo viwili mkononi."

"Ni nani?"

"Nakuja naye. Mwachie fundi aende na mkewe, yuko benchini tangu asubuhi."

"Basi njoo sasa hivi."

Inspekta alitazama ndani ya wodi, kisha saa. Ilikuwa kumi kasoro dakika tatu.

"Saa kumi na robo," alisema.

"Robo ya nini?"

"Kuna mgonjwa wa kugeuza."

Alirudi, akavua koti, akakunja mikono ya shati. Binti alisimama upande wa kichwa bila kuambiwa.

"Wewe shika kiuno," alisema Binti. "Usimvute, mviringishe. Mto huu uje katikati ya magoti. Kwa jina la Mungu. Moja, mbili..."

Walimgeuza. Hakuwa na uzito wowote. Binti alimnyooshea shuka, akampangusa mdomo, akamweka mkono chini ya shavu kama anavyowekwa mtoto. Muuguzi mmoja alikuwa amesimama mlangoni na sinia la dawa. Inspekta alimwita, akamwonyesha kwa kidole saa kumi na mbili kwenye saa ya ukutani, na muuguzi akatikisa kichwa kukubali, kisha akatazama safu nzima ya vitanda vilivyomngoja.

"Twende," alisema Inspekta.

Kandambili ya waya ilikuwa tayari kwenye bahasha. Binti aliivua ile nyingine nzima, akaishika kitambo. Kisha akainama, akaiweka chini ya kitanda cha mama yake, akaisogeza vizuri mahali ambapo mtu akifumbua macho ataiona, na akatoka peku.